Uzi: Nani huifungia nchi mlango katika maonesho ya sanaa ya Venice, mwenyeji au sisi wenyewe?

#1 RangiYaUdongo (Dar es Salaam)

Salaam wanajukwaa. Naleta jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda, na ninaomba tulijadili kwa utulivu.

Kule Venice, Italia, kuna maonesho ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895 na ambayo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Wenyewe huyaita Biennale. Asiyeyajua ayafikirie kama Sabasaba yetu, kwa sababu kila nchi huwa na banda lake, isipokuwa pale kinachopangwa mezani na ukutani ni picha, vinyago, video na kila kitu kingine ambacho wasanii wa siku hizi hukitumia. Katika bustani ya Giardini mabanda ni majengo ya kudumu, yapatayo 30, na la kwanza lilijengwa na Ubelgiji mwaka 1907. Katika bara zima la Afrika ni Misri pekee yenye jengo ndani ya bustani hiyo. Nchi nyingine zikitaka kushiriki hutafuta nafasi katika maghala ya kiwanda cha zamani cha meli, Arsenale, au hukodi nyumba mjini.

Hoja yangu ni hii. Tunaposikia kwamba nchi fulani imefungiwa, akili hukimbilia Afrika Kusini ya makaburu, au Urusi baada ya kuivamia Ukraine. Kukosekana kwa nchi hizo kuliandikwa magazetini. Lakini ziko nchi nyingi ambazo hazikuwahi kuandikiwa barua ya kukataliwa, na bado kwa zaidi ya miaka 100 hazikuonekana pale. Tanzania iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Mlango huu hufungwa na nani? Ni siasa za mwenyeji, ni fedha, au ni serikali zetu wenyewe? Mimi naelekea kwenye jibu la tatu, lakini nipo tayari kusahihishwa.

#2 MwalimuWaZamani (Moshi)

Ahsante kwa uzi huu. Nitaanza na Afrika Kusini, kwa kuwa vijana wengi wanaitaja bila kuijua. Nchi hiyo ilikuwa ikishiriki Venice tangu miaka ya 1950. Ikafukuzwa mwaka 1968 kwa azimio la Umoja wa Mataifa, na haikurudi hadi 1993. Miaka 25 hiyo ilikuwa adhabu ya haki.

Sisi wenyewe tulilipa gharama ya msimamo wa namna hiyo. Mwaka 1976 Tanzania ilikataa kwenda Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini, na New Zealand haikuzuiwa kushiriki michezo. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, alibaki nyumbani. Aliyechukua dhahabu ni John Walker wa New Zealand, yule yule ambaye Bayi alimtangulia Christchurch. Nakumbuka baba yangu alisikiliza matokeo redioni hadi mwisho, akaizima, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe bila kusema neno. Jioni ndipo aliposema kwamba kijana yule ameikimbilia Afrika kwa kukaa chini. Sijawahi kuyasahau maneno yale. Kwa hiyo kabla hatujalaani kila kutengwa, tukumbuke kwamba kuna kutengwa ambako tulikuomba wenyewe.

#3 KifunguChaSheria (Dodoma)

Shikamoo, Mwalimu. Naomba nisahihishe jambo moja. Azimio la Baraza Kuu namba 2396 lilipitishwa Desemba 1968, wakati maonesho ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha kufanyika. Tena maazimio ya Baraza Kuu hayaifungi nchi kisheria; lile liliomba mataifa na mashirika kusitisha mahusiano ya utamaduni, elimu na michezo na utawala ule. Kwa hiyo Umoja wa Mataifa haukuwa na uwezo wa kuifukuza Afrika Kusini Venice. Ulitoa wito, na waandaaji wakautii. Tofauti hiyo ni muhimu kwa swali la mleta uzi, kwa sababu inaonesha kwamba mwenye funguo ni mwenyeji.

Na mwenyeji ana kanuni yake. Februari 2024, baada ya maelfu ya wasanii na wafanyakazi wa sanaa kutia saini waraka wa kutaka Israeli iondolewe kwa sababu ya vita vya Gaza, waandaaji walijibu kwamba nchi yoyote inayotambuliwa na Jamhuri ya Italia ina haki ya kuomba kushiriki, na kwamba wao hawapokei ombi la kuitenga nchi. Waziri wa Utamaduni wa Italia, Gennaro Sangiuliano, naye alisema Israeli itashiriki. Isomeni kanuni hiyo polepole. Maana yake ni kwamba wizara ya mambo ya nje ya nchi moja ndiyo inayoamua taifa ni lipi mbele ya wasanii wa dunia nzima. Mwaka ule Italia ilikuwa haijaitambua Palestina, ambayo Tanzania iliitambua tangu 1988, na kwa hiyo Palestina haikuweza kuwa na banda la taifa. Wasanii wake walionekana mjini kupitia onesho la pembeni.

Taiwan ni mfano mwingine. Iliingia mwaka 1995 kama nchi nyingine yoyote, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, China ilipokuwa ikijiandaa kuwa na banda lake, ilishushwa kuwa onesho la pembeni kwa jina la jumba la makumbusho. Ukumbi wao ni Palazzo delle Prigioni, jengo lililokuwa gereza la mji.

#4 MwalimuWaZamani (Moshi)

Marahaba, mwanangu. Nimekubali kuhusu azimio, na ahsante kwa kunirekebisha. Sijakubali kwamba jambo lote ni funguo za mwenyeji. Mwenyeji angetii wito ule kama hapangekuwa na watu waliokuwa wakipiga kelele mlangoni?

#5 NyotaYaZiwa (Kisumu)

Hamjambo. Mleta uzi, nakuunga mkono, na ushahidi wangu ni Kenya. Nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu mambo haya yanaumiza hadi leo.

Mwaka 2013 Kenya ilikuwa na banda Venice. Jina la nchi lilikuwa mlangoni, lakini wengi wa wasanii waliokuwa ndani walikuwa Wachina, na waratibu wa maonyesho hayo walikuwa Waitaliano. Wakenya walikuwa wawili, Kivuthi Mbuno na Chrispus Wangombe Wachira. Tulidhani ni aibu ya mara moja. Mwaka 2015 orodha ikatoka tena: Wachina tele, Armando Tanzini ambaye ni Mwitaliano aliyefanya makao yake Malindi, na Yvonne Apiyo Braendle-Amolo, mzaliwa wa Kenya anayeishi Uswisi. Hakuna hata mmoja kutoka studio za Nairobi, Mombasa au Kisumu, ambako watu wanachora usiku na mchana. Wasanii wakaandika waraka wa kupinga na kukusanya saini. Michael Soi akachora mfululizo mzima wa picha kuhusu aibu ile. Waziri aliyehusika na utamaduni wakati huo, Hassan Wario, akalikana banda lile na kuahidi kwamba mwaka 2017 Kenya itashiriki ipasavyo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo watu hulisahau. Mwaka huo huo wa 2015, mratibu mkuu wa maonyesho yote alikuwa Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria na Mwafrika wa kwanza kupewa jukumu lile, na katika maonyesho yake makuu alikuwepo Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi. Mkenya alikuwa ndani, amealikwa kwa kazi yake. Kilichokosekana ni Kenya yenyewe katika banda lililoandikwa jina lake.

Mwaka 2017 mratibu alikuwa Jimmy Ogonga, na wasanii walikuwa Paul Onditi, Peterson Kamwathi, Arlene Wandera, Richard Kimathi na Mwangi Hutter. Fedha zilizoahidiwa na serikali hazikufika kwa wakati. Wakaishia katika jengo lililokuwa shule, kwenye kisiwa cha Giudecca, wakitundika kazi kwa jasho lao wenyewe. Kwa hiyo Kenya haikufungiwa na mtu wa nje hata siku moja. Mara mbili ilikodishwa, na mara ya tatu iliachwa njiani.

#6 ShamsiYaMvita (Mombasa)

NyotaYaZiwa, maelezo mazuri, ila neno "ilikodishwa" ni zito. Una hakika fedha zilibadilishana mikono? Sisi wa pwani tunamjua Tanzini kwa miaka mingi, na si haki kumhesabu kama mpita njia. Mtu aliyeishi Malindi miongo kadhaa, akatumia mbao na vitu vya pwani katika kazi zake, si lazima awe mgeni kwa sababu ya jina lake. Swali la nani ni Mkenya halimalizwi na pasipoti.

#7 NyotaYaZiwa (Kisumu)

Shamsi, nimelipokea hilo na neno nalifuta. Sina ushahidi wa fedha kwa upande wa Kenya, na sitaki kumzulia mtu. Ninachojua ni kwamba mwaka 2015 Costa Rica ilijiondoa baada ya kugundulika kwamba wasanii waliopangwa katika banda lake, wengi wao Waitaliano, walitakiwa kulipia nafasi. Kuhusu Tanzini, sina ugomvi naye kama msanii. Ugomvi wangu ni kwamba alikuwa karibu peke yake.

#8 KifunguChaSheria (Dodoma)

Niongeze hapo. Banda la taifa haliwezi kusajiliwa bila mamlaka ya serikali kumteua kamishna, yaani msimamizi rasmi wa banda. Kwa hiyo kila jina la nchi linapopandishwa mlangoni, mahali fulani kuna ofisi iliyotoa barua. Mimi ningependa wasanii wa Afrika Mashariki wadai barua hizo zitangazwe kabla, kama zinavyotangazwa zabuni.

#9 MpakiajiWaMestre (Italia)

Salaam kutoka ng'ambo ya maji. Mimi ni Mtanzania, ninaishi Mestre na ninafanya kazi ya kupakia na kushusha masanduku ya maonesho haya. Venice mjini hakuna lori. Kila sanduku hufika kwa mashua, hushushwa gatini, kisha husukumwa kwa mkokoteni juu ya madaraja. Niruhusuni niseme niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu mchangiaji wa #1 ameitaja Urusi kana kwamba ilifukuzwa.

Haikuwa hivyo. Tarehe 27 Februari 2022, siku chache baada ya uvamizi, wasanii wawili waliokuwa waiwakilishe Urusi, Kirill Savchenkov na Alexandra Sukhareva, pamoja na mratibu wao Raimundas Malašauskas ambaye ni Mlithuania, walitangaza kujitoa. Banda likafungwa kwa uamuzi wao. Ni baadaye ndipo waandaaji walipotangaza kwamba hawatapokea ujumbe rasmi wala watu wenye uhusiano na serikali ya Urusi, huku wakisema wasanii wanaopinga vita wanakaribishwa. Jengo lile ni la mwaka 1914, la rangi ya kijani. Msimu mzima nilipita mbele yake na mkokoteni, na mlinzi alikuwa amesimama kulinda nyumba isiyo na kitu ndani. Mwaka 2024 Urusi iliwaazima Bolivia jengo hilo.

Mwaka huo huo wa 2022, mratibu mmoja wa banda la Ukraine, Maria Lanko, alitoka Kyiv akiwa amepakia ndani ya gari lake faneli 78, kama zile za kumiminia mafuta ya taa, ambazo zilikuwa sehemu ya kazi ya Pavlo Makov. Zilipangwa kama piramidi, maji yanamiminwa juu, yanagawanyika na kugawanyika, hadi chini yanafika matone. Nilisimama pale na kofia mkononi. Sanduku tulizoea kulishusha kutoka mashuani; zile zilitoka vitani ndani ya gari la mtu.

Na Israeli mwaka 2024 haikutengwa na waandaaji, kama alivyoeleza KifunguChaSheria. Aliyefunga mlango ni msanii mwenyewe, Ruth Patir, pamoja na waratibu wake. Walibandika tangazo kwenye kioo kwamba watafungua yakipatikana makubaliano ya kusimamisha vita na kuachiwa mateka. Nje walisimama askari wa Italia wenye silaha, na kupitia kioo ungeweza kuona video moja ikiendelea kucheza bila watazamaji ndani.

#10 RangiYaUdongo (Dar es Salaam)

Ahsante sana, Mpakiaji, nimesahihishika kuhusu Urusi. Naona sasa kwamba orodha yangu ya #1 ilipungua jibu la nne: msanii mwenyewe.

#11 MwanaKivu (Bukavu)

Jambo wapendwa. Ninasoma kwa makini, lakini naona mnazungumza kana kwamba banda la taifa ni kitu kizuri ambacho kila mtu anapaswa kukitamani. Sisi Wakongo tumejifunza kukitilia shaka.

Mwaka 2007 Venice ilitangaza kwa fahari banda la Afrika. Bara lenye nchi zaidi ya 50 likapewa chumba kimoja, na kazi zote zikatoka katika mkusanyiko wa tajiri mmoja, marehemu Sindika Dokolo, Mkongo mwenzetu. Walisema tumejumuishwa. Mimi nasema kuwajumuisha watu wote kwa pamoja ndani ya chumba kimoja ni namna nyingine ya kuwaacha nje, kwa sababu hakuna anayeulizwa jina lake.

Kisha mwaka 2024 jambo kubwa la Kongo lilitokea ndani ya banda la Uholanzi. Wasanii wa kikundi kiitwacho CATPC, ambao ni wafanyakazi wa mashamba ya michikichi ya Lusanga, sehemu ambayo zamani iliitwa Leverville, waliwakilisha Uholanzi pamoja na msanii wa Kiholanzi Renzo Martens. Sanamu zao hufinyangwa kwa udongo wa Lusanga, halafu nakala zake hutengenezwa kwa kakao na mafuta ya mawese, na ndani ya ukumbi harufu yake hukupokea kabla hujaona kitu. Kwa muda wa maonesho hayo walifanikiwa kuazima kutoka jumba la makumbusho la Virginia, Marekani, sanamu ya mbao ya Maximilien Balot, wakala wa Kibelgiji aliyeuawa katika uasi wa Wapende mwaka 1931. Haikuoneshwa Venice. Iliwekwa Lusanga, na watu wa Venice wakaitazama kwa matangazo ya moja kwa moja. Mara hii ni Ulaya iliyoachwa nje ya chumba, ikichungulia.

Kwa hiyo kwa swali la mleta uzi, jibu langu ni kwamba mlango wenyewe ndio tatizo.

#12 HesabuKwanza (Arusha)

Wachangiaji mmeeleza siasa kwa ufasaha, lakini naona hesabu imesahaulika. Nchi yenye jengo Giardini haitafuti ukumbi kila mara. Nchi isiyo na jengo hulipa kodi ya ukumbi kwa miezi zaidi ya sita, bima, mashua za huyo ndugu wa Mestre, umeme, walinzi na malazi. Kabla hata ya kununua brashi moja umeshatumia bajeti ambayo halmashauri nyingi hazijawahi kuitengea sanaa. Hapa hakuna njama. Waliojenga mapema walijenga wakati nchi zetu zilikuwa makoloni, na sasa bustani imekaribia kujaa.

#13 NyotaYaZiwa (Kisumu)

HesabuKwanza, fedha ni kweli, lakini tazama Zimbabwe. Tangu 2011 wamekuwa na banda kila msimu, na walianza wakiwa chini ya vikwazo vya Ulaya na uchumi ukiwa umepondeka. Chini ya mratibu wao Raphael Chikukwa walipanga ukumbi karibu na kanisa la Santa Maria della Pietà, mahali ambapo watalii wote hupita. Walichokuwa nacho ni jumba la taifa la sanaa lenye watu wanaojua kazi yao na wanaobaki kazini. Kwa maoni yangu kilichotukosesha sisi nafasi ni kukosa taasisi ya namna hiyo.

#14 HesabuKwanza (Arusha)

Taasisi hujengwa kwa fedha, dada. Tumerudi kwangu.

#15 MganyaWaEntebbe (Uganda)

Habari zenu. Uganda iliingia kwa mara ya kwanza 2022, na Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, na banda letu likatajwa kwa heshima maalumu na majaji. Kerunen alifanya kazi na akina mama wasukaji, kwa ukili, nyuzi za migomba na magome ya mti, vitu ambavyo kila mmoja wetu amevikalia kama mkeka nyumbani kwa bibi yake. Sikubaliani kabisa na MwanaKivu. Siku tuliposikia jina la Uganda likisomwa pale, hakuna aliyeuliza kama mlango ni tatizo. Tulilia kwa furaha. Kabla ya kuubomoa mlango, waacheni na wengine wapite kwanza.

#16 MwanaKivu (Bukavu)

Furaha yenu naiheshimu, ndugu, wala siwanyimi. Lakini jiulize: kama Kerunen angealikwa kwa jina lake mwenyewe, mikeka ile ingekuwa na thamani pungufu? Pale Kassel, Ujerumani, kwenye maonesho makubwa ya sanaa yaitwayo documenta, ya 2022, hapakuwa na mabanda ya mataifa. Wajukuu Art Project kutoka mtaa wa Mukuru, Nairobi, waliingia bila bendera, wakajenga njia ya kuingilia kwa mabati yaliyochakaa, watu wakapita ndani yake kama wanaingia kwenye manyatta, na mwaka huo huo wakatunukiwa tuzo ya Arnold Bode.

#17 KifunguChaSheria (Dodoma)

MwanaKivu, mfano wako ni mzuri, ila documenta hiyo hiyo haikuepuka siasa. Kazi kubwa ya kikundi cha Taring Padi cha Indonesia ilifunikwa na kisha kushushwa siku chache baada ya ufunguzi, kwa sababu ilikuwa na michoro iliyowadhalilisha Wayahudi. Uondoe bendera, bado kuna anayeamua nini kibaki ukutani.

#18 MwalimuWaZamani (Moshi)

Nimekaa kimya nikisoma, na ninafurahi kuona vijana wanabishana kwa adabu. Narudi kwa lile la kutenga kwa haki.

Afrika Kusini ilipotengwa, wasanii wa dunia hawakukaa kusubiri. Mwaka 1983 walifungua Paris onesho la sanaa dhidi ya ubaguzi wa rangi, lililoandaliwa na Ernest Pignon-Ernest na Antonio Saura. Kazi zile ziliahidiwa kuwa zawadi kwa serikali ya kwanza ya Afrika Kusini itakayochaguliwa na watu wote, zikazunguka nchi nyingi, na mwaka 1996 zikapokelewa bungeni Cape Town. Na mwaka 1974 waandaaji wa Venice wenyewe waliyatoa maonesho yao kwa ajili ya Chile, mwaka mmoja baada ya mapinduzi ya Pinochet, wachoraji wakapaka kuta za viwanja vya mji. Kwa hiyo wasiseme leo kwamba wao hawajawahi kuwa na upande. Walikuwa nao, na ulikuwa upande mzuri. Ninachokidai ni kipimo kimoja kwa wote.

#19 ShamsiYaMvita (Mombasa)

Mwalimu, nilikuwa nasubiri umrudishe Bayi, leo umetuletea Chile. Nakubaliana nawe juu ya kipimo kimoja, lakini swali linabaki: kutenga huko kulimuumiza nani? Wachoraji weusi wa Soweto pia hawakuonekana nje kwa miaka ile. Ndiyo maana mwaka 1987 Oliver Tambo mwenyewe, kiongozi wa chama cha ukombozi cha ANC, alisema kwamba sanaa inayopinga utawala ule isisusiwe pamoja na utawala. Hata waliodai kutenga huko waliona kwamba wavu umevua na samaki wasiotakiwa.

#20 MwalimuWaZamani (Moshi)

Hilo ni kweli, na linaniuma. Lakini wavu ulipaswa kutupwa.

#21 MpakiajiWaMestre (Italia)

Kuhusu kauli ya #10 kwamba mfungaji ni serikali au msanii, mtazame Australia. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya maonesho haya, mwaka 2024 kwa kazi ya Archie Moore. Februari 2025 taasisi ya sanaa ya nchi hiyo ilimtangaza Khaled Sabsabi, mzaliwa wa Lebanon, kuwa mwakilishi wa msimu wa 2026, na ndani ya wiki moja ikamwondoa, baada ya wanasiasa na magazeti kulalamikia kazi zake za miaka ya nyuma. Wasanii wakapiga kelele, watu wakajiuzulu, na Julai ikamrudisha. Nchi haikufungiwa. Iliyatoa macho yake yenyewe kisha ikayarudisha.

#22 MchongajiWaMtwara

Samahani kwa kuchelewa. Mmetaja Tanzania ya 2024 kwa mstari mmoja tu. Walioshiriki ni Haji Chilonga, Happy Robert, Naby na Lute Mwakisopile, na mratibu alikuwa Mwitaliano, Enrico Bittoto. Sina neno baya juu yao. Nimefurahi kwamba walikwenda. Lakini huku kusini, wachongaji wa mpingo ambao kazi zao zimejaa katika majumba ya Ulaya walisikia habari hizo baada ya maonesho kufunguliwa. Hatukuona tangazo. Inawezekana lilikuwepo na halikutufikia. Mtu anaweza kufungiwa nje na nchi yake bila nchi kukusudia, kwa sababu tu habari husafiri hadi Dar es Salaam na kuishia hapo.

#23 RangiYaUdongo (Dar es Salaam)

Mchongaji, maneno yako yamenigusa, na sasa nieleze kwa nini nilianzisha uzi huu.

Miaka miwili iliyopita nilialikwa kwenye onesho la pamoja katika mji mmoja wa Ulaya, ambao siutaji. Nilikuwa na picha sita kubwa. Kwa kuwa sanduku la mbao lingegharimu zaidi ya nauli yangu, nilinunua bomba la plastiki la inchi sita, lile la maji machafu, nikazivingirisha picha kwa karatasi ya khaki, upande wa rangi nje ili zisipasuke, nikaziba miisho kwa vifuniko na gundi. Picha zilipokelewa, zikatundikwa, na zikaandikwa "Tanzania" chini yake. Mimi nilinyimwa viza, kwa maelezo kwamba haikuthibitika kuwa ningerudi nyumbani. Jioni ya ufunguzi nilipigiwa simu ya video. Niliona watu wamesimama mbele ya picha ya mama yangu akichambua dagaa, na nikaona migongo yao tu.

Siku ile sikujua nimlaumu nani. Serikali yangu haikunizuia. Waandaaji walinitaka. Fedha za nauli nilikuwa nazo.

#24 KifunguChaSheria (Dodoma)

Pole sana, kaka. Nadhani umejibu swali lako mwenyewe kinyume na ulivyoanza: ni mwenyeji.

#25 NyotaYaZiwa (Kisumu)

Pole. Lakini KifunguChaSheria, mbona unaharakisha? Msanii anayepelekwa na nchi yake huenda na barua ya wizara na ubalozi wake humwombea. Huyu alikwenda peke yake, bila mtu wa kumsemea. Mimi bado naiona serikali hapo.

#26 MwanaKivu (Bukavu)

Nami naiona bendera. Picha zingeandikwa jina lake na jina la mama yake, si "Tanzania".

#27 MpakiajiWaMestre (Italia)

RangiYaUdongo, picha zilirudi salama? Bomba la inchi sita likilala kwenye ghala lenye joto, vifuniko hulegea na unyevu huingia. Ukipeleka tena, weka pakiti za kunyonya unyevu pande zote mbili, na uandike kwa wino usiofutika mwisho upi ufunguliwe.

#28 RangiYaUdongo (Dar es Salaam)

Ahsante, Mpakiaji. Tano zilirudi salama. Ya mama ilipata doa la maji kwenye kona ya chini, upande wa ungo. Sijairekebisha bado. Nimeomba viza upya kwa onesho jingine, na miadi yangu ni Jumanne asubuhi.